Baiskeli Yenye Alama ya Boma

Jua lilikuwa halijatoka vizuri, na Naisenya alikuwa tayari amepiga magoti mavumbini, anasikiliza tairi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Anabonyeza tairi ya nyuma na vidole viwili, analeta sikio karibu, anangoja. Mwiba ukiwa umeingia jana yake, upepo hutoka pole pole sana, kama mtoto anayepumua akiwa amelala, na macho hayawezi kuuona. Ni sikio tu. Leo tairi ilinyamaza. Akahamia ya mbele, nayo ikanyamaza. Naisenya akatabasamu peke yake. Hakuna kitu alichokuwa anapenda kama baiskeli isiyo na habari.

Kwa ndani, kati ya tairi na tube, kulikuwa na tube nyingine ya zamani iliyokatwa na kulazwa kama godoro. Hiyo ilikuwa kazi ya Munguti, fundi wa baiskeli kule Kitengela. Mwiba wa huku ndani ya Kisaju ni mrefu kama msumari, tube moja haiwezani nao. Munguti ndiye pia alimkataza kupaka cheni oili.

"Mavumbi ya kwenu ikishikana na oili inakuwa msasa," alimwambia. "Inakula gia mpaka inamaliza. Chukua mshumaa, yeyusha, dondoshea kila kiungo, pangusa. Mshumaa moja inakupeleka mwezi mzima."

Kwa hivyo cheni ya Naisenya ilikuwa kavu na safi, na ilikuwa inanukia kidogo kama nyumba stima ikipotea.

Ilikuwa mountain bike ya Ex-UK, mtumba wa Uingereza, nyeusi, na mistari ya kijani iliyofifia. Gia zilikuwa ishirini na moja, lakini zilizokuwa zinakubali kuingia ni tisa. Breki ya mbele ilitoka kwa baiskeli nyingine. Pedali ya kushoto na ya kulia hazikuwa ndugu. Lakini ilikuwa inatembea. Kila siku ilibeba lita ishirini za maziwa, mkebe wa kumi upande huu na mwingine upande ule, imefungwa na kamba za tube, kutoka kwa ng'ombe wa mama yake hadi hoteli moja na nyumba kumi na moja za Kitengela.

Zamani maziwa yalikuwa yanaenda na boda. Halafu petroli ikapanda, mwenye boda akapandisha, petroli ikapanda tena. Ikafika siku Naisenya alirudi nyumbani na pakiti mbili za unga peke yake, na mama yake akamwangalia akauliza, "Kwani siku hizi tunakamulia boda?" Wiki hiyo baba yake, mzee Kuntai, alitoa mbuzi dume watatu kwa zizi, akawaswaga mpaka Kitengela kwa Munguti, na jioni akarudi akiivuta baiskeli kwa usukani, kama mtu anayevuta ndama kwa masikio. Kuendesha hakujua. Aliivuta kilomita kumi na tano, na kila aliyemsalimia njiani, alisimama akamweleza vile inakula kidogo na haihitaji chanjo.

Naisenya akafunga shuka kiunoni, akapanda.

Kabla ya kufika lami kulikuwa na mahali ambapo nchi imelala sawa kabisa, na hapo ndipo alipopenda kuliko pote. Nguzo kubwa za stima zilienda zikienda mpaka zikawa ndogo kama sindano. Nyumbu walikuwa wametoka mbugani, wamesimama ndani ya ukungu kama wanyama wasio na miguu. Akiweka ile gia ya tano, ile inayoingia kimya, miguu yake ilikuwa inasahau kwamba inafanya kazi. Alikuwa anaona kama yeye amesimama tu, na ardhi ndiyo inapita chini yake, nyasi, mawe, mavi ya punda, nyasi tena, na maziwa ndani ya mikebe yakisema kitu kwa sauti ya chini.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Shuleni walimu walikuwa wanauliza kama amekuja na yuko hapo mbele yao. Lakini juu ya baiskeli kichwa chake kilikuwa kinaongea bila kupumzika. Alimuwaza mwenye kuipanda kwanza, huko ng'ambo ambako mvua inanyesha na watu hawashangai. Labda alikuwa msichana. Labda alikuwa na koti ya manjano. Labda miguu yake ilirefuka, akaiacha imeegemea ukuta, na hajui kwamba sasa baiskeli yake inajuana na nyumbu.

Njia yenyewe ilikuwa haitulii. Mtu ananunua ploti, anaweka waya, na pale ulipopita juzi leo unapata ukuta na mbwa. Mara tatu Naisenya alishuka akasukuma kuzunguka ploti za watu ambao hawajawahi kulala hapo hata siku moja. Hakukasirika. Aliona kama nchi inacheza naye, inaficha njia ili aitafute.

Pale njia ya vumbi inapogonga barabara ya Namanga, karibu uingie Kitengela, polisi walikuwa wamesimama. Hawakuwa wanaangalia magari. Walikuwa wanaangalia baiskeli. Baiskeli kama nane hivi zilikuwa zimegeuzwa kando ya lami, magurudumu juu, kama mende waliopigwa dawa.

"Wewe msichana! Simama. Shuka," akasema askari mmoja mnene mwenye alama mbili za cheo begani. Wenzake walikuwa wanamwita Koplo. "Geuza hiyo kitu."

"Iko na maziwa, afande."

"Toa maziwa kwanza, alafu ugeuze. Kwani nimesema umwage?"

Naisenya akafungua kamba, akashusha mikebe, akageuza. Koplo akainama kwa shida, akawasha tochi ya simu, akaangalia pale chini, pale pedali zinapokutana katikati. Akapitisha kidole.

"Namba iko wapi?"

"Namba ya nini?"

"Kila baiskeli iko na namba hapa chini. Hapa imepigwa grenda." Akaita mwenzake. "Njoo uone maajabu! Na hii nini? Mviringo imefunguka kwa mkia?"

"Ni alama ya boma yetu," akasema Naisenya.

Koplo akacheka mpaka kofia ikasogea. "Ati amechoma chapa baiskeli! Hii itazaa lini?"

Wote wakacheka. Naisenya aliangalia viatu vyake, akahisi masikio yakipata moto, kwa sababu alikumbuka vizuri ilivyokuwa. Siku ya pili baada ya mbuzi kuondoka, baba yake alipeleka baiskeli kwa mwenye kuchomelea pale Kisaju. Ng'ombe ukimnunua sokoni Bissil, humlazi bomani bila alama yako. Na akija na alama ya mtu mwingine, unachoma yako juu yake, ndiyo watu wajue amehama. Kuntai aliizunguka baiskeli akitafuta mahali. Huku juu mwizi atapaka rangi, alisema. Akaigeuza. Chini ya pedali akapata mahali palipo laini, pana vijinamba vidogo vidogo. "Hii ni ya yule mzungu wa kwanza," akasema. "Sasa imehama." Grenda ikala namba yote, na juu yake ikachorwa alama ya boma la Kuntai. Kisha mzee akatema mate kidogo kwa usukani, ya baraka, kama anavyofanyiwa mnyama mpya.

"Risiti?" Koplo akauliza.

"Hatukupewa. Baba alikuwa na mashahidi."

"Mashahidi!" Koplo akapangusa macho. "Dada yangu, watoto wa zile estate za geti wamepoteza baiskeli. Wazazi wao wamepigia watu wakubwa simu. Sisi tumeambiwa saa sita ikifika tuwe na kumi na mbili kwa yadi. Hii yako ni ya tisa. Unaelewa?"

Naisenya alielewa. Baiskeli ikarushwa nyuma ya pikapu, na yeye akakaa kando yake na mikebe katikati ya magoti, mkono mmoja kwa gurudumu ili lisijigonge.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, nyumba ya mabati na mti mmoja. Lakini yadi yake ilikuwa kubwa, na ilikuwa imejaa. Pikipiki, baiskeli, mkokoteni mmoja, zote na vijikaratasi vimefungwa kwa uzi, na jua lilikuwa limekula maandishi. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya spoku mpaka zikatoa maua. Naisenya aliziangalia akaona kama mifugo iliyolala kucheua, inangoja mtu aje afungue mlango. Alikaa chini ya ule mti. Upepo ulikuwa unapita ndani ya maspoku yote kwa pamoja, na kulikuwa na sauti, si wimbo, lakini karibu iwe wimbo. Kwa dakika kadhaa alisahau ni kwa nini yuko hapo.

Simu ikamkumbusha. Ilikuwa Mama Waithera wa hoteli.

"Naisenya, maziwa iko wapi? Watu wamekunywa chai ya strungi mpaka wameanza kuniangalia vibaya!"

"Nimeshikwa na polisi, mama. Wamechukua baiskeli."

"Uuuwi! Pole, mum. Lakini sasa unajua mimi niko na biashara. Leo nitatuma mtu dukani. Kesho kama hutafika saa moja, itabidi nizoee ya pakiti. Si kwa ubaya."

"Nitafika," Naisenya akasema, ingawa hakujua atafika na nini. Kwa miguu kutoka kwao, na lita ishirini, maziwa yangefika yakiwa mtindi. Na Mama Waithera peke yake ndiye alikuwa anachukua nusu.

Akampigia Munguti.

"Ati wamesema nini?" Sauti ya Munguti ilishuka. "Haki ya Mungu, Naise, usitaje jina yangu. Mimi naletewa na mtu wa kontena, karatasi inasema tu baiskeli mzee, jumla sitini. Namba hakuna. Wakikuja hapa wabebe kila kitu, watoto wangu watakula pampu?"

"Sijataja."

"Umesema ulinunua wapi?"

"Nimenyamaza."

"Hapo sasa," akasema Munguti, akashusha pumzi. "Hapo ndiyo nakupendeanga."

Halafu akampigia baba.

Mzee Kuntai alifika saa sita ikikaribia, shuka limejaa vumbi, fimbo nyuma ya shingo na mikono yote miwili imening'inia juu yake. Naisenya alisimama akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja juu yake, pale pale katikati ya yadi ya polisi, bila haraka.

"Takwenya, entito ai," akamsalimia binti yake kwa Kimaa.

"Iko, papai," akamwitikia baba yake.

"Imelala wapi?"

Akamwonyesha. Mzee akaitembelea kwanza baiskeli kabla ya kusalimia serikali. Akaizunguka, akashika kiti, akabonyeza tairi vile alikuwa ameona binti yake akibonyeza. Kisha akaingia ndani, na Naisenya nyuma yake.

Koplo alikuwa mezani na kitabu kikubwa. Kando ya ukuta vijana wawili wa boda walikuwa wamekaa chini wakingoja habari ya pikipiki yao.

"Mimi nakuja kuchukua baiskeli yangu," akasema Kuntai. "Iko ile nyeusi. Iko na alama yangu."

"Mzee, kaa. Ile namba ilifutwa na nani?"

"Mimi."

Mmoja wa wale wa boda akashika kichwa.

"Papai..." Naisenya akaanza.

"Acha nimweleze, huyu ni kijana, hajui." Kuntai akasogea karibu na meza, amefurahi kupata mtu wa kumfunza. "Mimi mwenyewe nafuta. Nafuta yote! Mnyama ikikuja kwangu haiwezi kaa na alama ya mtu ingine. Mashahidi iko. Kakuta alikuwa, Koinet alikuwa, na mtu wa kuchomelea alikuwa. Uliza hao. Watakwambia Kuntai alifuta."

Koplo akaweka kalamu chini, pole pole. "Mzee, unajua umekubali kosa? Kufuta namba ni kosa. Mimi naweza kukufungia saa hii na mashahidi yako wote. Tutapata gari ya kuwaleta."

Mzee alimwangalia kama mtu ambaye ameambiwa ni kosa kuwapa watoto wake majina. Akageuka kwa binti yake kuuliza kwa macho kama amesikia vizuri. Naisenya akakubali kwa kichwa.

"Sasa," Koplo akaendelea, na sauti yake ikawa tamu, "mambo inaweza kuongewa. Umekuja mikono mitupu, mzee?"

"Hapana. Nimekuja na fimbo."

Wale wa boda walicheka wakajifanya wanakohoa. Koplo hakucheka. Alimimina chai yake kutoka kwa thamosi, nyeusi kama oili, akaikunjia uso. Kuntai aliona. Na kwa sababu hakuna Mmaasai wa rika lake anayeweza kuvumilia mtu akinywa chai ya namna hiyo na maziwa yako hapo nje yanaharibika kwa jua, alitoka, akarudi na mkebe mmoja, akamjazia kikombe mpaka rangi ikapatana. Akawapa na wale vijana wa boda kwa kifuniko cha mkebe.

Koplo akanywa. Akanywa tena. "Hii ni maziwa," akasema, bila kutaka.

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Haina namba," akasema Kuntai. "Umejuaje si ya wizi?"

Sasa hata askari wa mlangoni alicheka, na Koplo akapangusa mdomo, aibu na hasira zikigombana usoni. Mwishowe aliinamia kitabu.

"Sikiza, mzee. Nakuonea huruma juu ya nywele nyeupe. Ile maneno umesema, sijasikia. Lakini baiskeli inabaki. Inabaki mpaka mwenyewe ajitokeze."

"Mwenyewe ni mimi."

"Mwenyewe mwenye namba."

Naisenya akamuona yule msichana wa koti ya manjano, anashuka kwa ndege, anauliza njia ya kuja hapa, anaingia kwa yadi kupitia kwa nyasi. Angekuja lini? Nyasi zingekuwa zimefika wapi? Alihisi kitu ndani yake kinataka kulala chini, vile baiskeli zile zilikuwa zimelala. Ingekuwa rahisi. Angesema asante, angebeba mikebe, kesho Mama Waithera angenunua ya pakiti, na kila mtu angekuwa amefanya kazi yake.

"Afande," akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akaisukuma. "Umeandika nini kwa kitabu?"

"Inakuhusu nini?"

"Nisomee tu."

Koplo, labda kwa sababu ya maziwa, akasoma. "Fremu moja, nyeusi, mountain, namba imefutwa. Ni hivyo tu fomu inauliza. Shida ni fremu."

"Magurudumu hujaandika."

"Magurudumu haina namba."

"Na kiti?"

"Kiti haina... Unanipeleka wapi, wewe?"

"Cheni? Usukani? Breki?" Maneno yalikuwa yanaendelea kutoka, moja nyuma ya lingine. "Kama shida ni fremu, afande, wacha fremu ikae. Hivyo vingine havijaandikwa. Ni vyangu."

"Ako na point!" akapiga kelele mmoja wa boda. "Koplo, huyu dem ako na point!"

"Nyamaza wewe, pikipiki yako bado iko hapa!" Koplo akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inaenda saa saba, na harufu ya githeri ilikuwa inaingia kutoka nyuma. Akamwangalia Naisenya, mikono yake midogo, mifuko yake mitupu. Akatabasamu. "Haya. Mimi naenda kula. Ukiweza kutoa, toa. Nikirudi, kitakachokuwa kimeshika kwa fremu ni ya serikali. Hata kama ni nati."

Naisenya alikuwa na spana moja tu chini ya kiti. Ilitosha kwa magurudumu, na ilitosha kwa kiti. Kuntai aliishika fremu katikati ya magoti yake, mikono miwili imeibana, vile anavyoshika ng'ombe mkali akikamuliwa, na kila nati ikilia alikuwa anaiambia kwa Kimaa itulie. Kwa pedali Naisenya alikanyaga spana kwa mguu mzima. Ya kushoto inafunguka kinyume, alikumbuka, inafunguka kinyume. Ikafunguka. Lakini ile mikono ya pedali yenyewe, pamoja na meno makubwa ya gia, haitoki kwa spana. Inataka kifaa chake, na chuma cha pembe sita kwa usukani na breki. Vifaa hivyo hakuwa navyo.

"Psst. Naise."

Upande wa pili wa waya, nyuma ya kibanda cha kuuza mkaa, kulikuwa na kofia ya Munguti. Chini ya kofia alikuwa Munguti mwenyewe, amechutama, anaangalia kila upande isipokuwa kule alikokuwa anaongea.

"Mimi siko hapa," akasema. Mfuko wa vifaa ukapita chini ya waya. "Kile kifaa cha pedali, kazia kwanza ile kubwa mpaka ishike vizuri, alafu zungusha hii ndogo pole pole. Ukiharakisha inakula nyuzi. Usiangalie huku!"

Naisenya hakuangalia. Alizungusha, na yadi yote ikawa mbali. Mikono yake ilikuwa inajua. Hakuwahi kuivunja baiskeli nzima kwa mara moja, alikuwa ameitengeneza kipande kwa kipande, mwaka mzima, kila kipande siku kilipokataa. Sasa zilikuwa zinarudi kwake hizo siku zote. Hii ni breki ya ile Jumapili ya mvua. Hii ni waya niliyonunua badala ya viatu. Hii nati nilitafuta kwa nyasi hadi giza. Mkono wa pedali ukasogea, ukasogea tena, ukaachilia kwa sauti ndogo kama mtu akimeza. Wale wa boda walikuwa wametoka nje, wanapokea vipande na kuvipanga juu ya shuka la mzee, na mmoja wao alikuwa anahesabu dakika kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Koplo alirudi akijitoa nyama kwa meno na kijiti. Akasimama.

Kwa mikono ya Kuntai kulikuwa na fremu tupu. Hata uma wa mbele ulikuwa umetoka. Hapo katikati, ndani kabisa, bado kulikuwa na kile chuma kinachobeba pedali, na gololi zake.

"Hiyo?" akauliza Koplo, akionyesha na kijiti.

"Hiyo imekataa," akasema Naisenya. "Wacha ibaki."

Koplo akachukua fremu kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani, na ikampiga goti. Akaifunga kikaratasi na uzi, akaandika tisa. Kisha akaiweka kwa nyasi pamoja na zile zingine, na alama ya boma ikaangalia juu.

"Umeacha moja ya kwangu hapa," Kuntai akamwambia. "Nitakuwa nakuja kuiona." Alisema bila ukali, kama mtu aliyeacha ndama kwa jirani mwaka wa kiangazi.

Nje, Munguti alitokea nyuma ya mkaa akijipangusa magoti. Akachukua kiti na usukani, akatembea nao mbele kidogo, ndiyo ionekane kama hawajuani.

"Niko na fremu moja kwa duka," akasema bila kugeuka. "Ilipasuka shingo, nikachomelea. Magurudumu yako inaingia. Tuifunge leo leo, ndiyo kesho asubuhi mapema ulete maziwa."

"Iko na namba?" Naisenya akauliza.

"Iko, kubwa kabisa. Inasomeka."

"Ni namba ya nani?"

Munguti akatembea hatua kadhaa. "Hiyo nayo," akasema, "ni nani anajua? Mtu aliileta tu, hata hakungoja chenji."

Mzee Kuntai alisimama katikati ya barabara ya vumbi. Aliangalia nyuma kwa yadi, halafu mbele kwa Munguti, halafu vipande ndani ya shuka lake. "Kwa hivyo hiyo watairuhusu," akasema.

Naisenya alikuwa amebeba magurudumu mawili, moja kila mkono, ameyashika kwa ekseli, na upepo wa saa nane ulikuwa umeanza kutoka upande wa Athi. Gurudumu la nyuma likazunguka kidogo lenyewe. Gia zake zikahesabu, tik, tik, tik. Akaongeza mwendo ili lisisimame. Likazunguka zaidi. Barabarani watu waligeuka kumwangalia, msichana anayekimbia na magurudumu, hana baiskeli, na hakuinamisha kichwa.